Shela Moja kwa Maharusi Wote

Shela ilitolewa sandukuni mara nne au tano kwa mwaka, na kila mara ilipigwa pasi siku ya Ijumaa. Sanduku lilikuwa la bati, la rangi ya kijani, na lilikaa chini ya kitanda cha mama juu ya mawe mawili ili mchwa wasilifikie. Ndani mlikuwa na vitu vitatu: shela yenyewe, jozi ya glavu nyeupe zilizoanza kugeuka manjano, na kitambaa cheupe cha kichwa, cha pamba, kilichokunjwa mara nne. Vyote vilikuwa mali ya kanisa letu la mlimani Manga. Mama alikuwa mtunzaji wake.

Shela iliachwa na mke wa mmisionari aliyeondoka kabla sijazaliwa. Alisema bibi yake aliolewa nayo huko kwao karne iliyopita, kisha mama yake, kisha yeye. Ilikuwa ya lesi iliyofumwa kwa mkono, yenye majani na maua madogo na vigurudumu kwenye pindo. Ukimvika bibi harusi mrefu, ilishuka mpaka visigino na bado ilibaki ya kuburuta.

Alhamisi mama aliifua kwa maji ya uvuguvugu. Hakuikamua kamwe. Aliitia buluu kidogo, kisha wanga wa muhogo uliochujwa, halafu aliitandaza kivulini juu ya majani mabichi ya migomba, nami nikakaa kando kufukuza kuku. Ijumaa alasiri aliipiga pasi juu ya meza iliyotandikwa blanketi. Mimi nilishika pindo la upande wa pili ili lisiguse chini. Pasi ilikuwa ya makaa. Kabla ya kuitumia, mama alilowesha kidole kwa ulimi na kuligusa tumbo la pasi, akasikiliza. Kisha aliijaribu juu ya kitambaa kibovu. Kisha alitandika kitambaa chenye unyevu juu ya lesi, ndipo akaanza. Sikuwahi kumwona akiruka hatua hata moja. Kazi ilimalizika kabla jua halijazama, maana jua likizama Ijumaa Sabato imeingia, na pasi haiguswi tena. Harusi zetu zilikuwa Jumapili.

Kulikuwa na njia tatu za kutoka na vitu vya sanduku lile, na kila mtu mlimani alizijua. Bibi harusi ambaye hakuwa amemjua mwanamume alifunikwa shela usoni mpaka mbele ya mchungaji. Mjane anayeolewa tena alivaa shela hiyohiyo, ila ilirudishwa nyuma tangu nyumbani, uso wazi. Na yule ambaye tayari ana mtoto, au ana mimba, au ameishi na mwanamume kabla ya kubarikiwa, hakuvaa shela wala glavu. Alifungwa kitambaa cha kichwa. Kwa hiyo watu waliojipanga mlangoni pa kanisa hawakuangalia uso wa bibi harusi. Waliangalia kichwa chake, na walikuwa wamesoma habari yote kabla hajafika kwenye ngazi.

Jumatano kabla ya harusi, msichana aliletwa nyumbani kwetu na mama yake. Wanawake watatu walimngoja: mama yangu, jirani yetu ambaye shamba lake liligusana na letu, na mjane mmoja mzee. Biblia ilikuwa mezani. Mimi niliambiwa nitoke, nami nilitoka mpaka nyuma ya ukuta wa jiko, ambao ulikuwa wa fito na udongo na haukuzuia neno. Mama ndiye aliyeuliza, na swali lilikuwa lilelile siku zote.

"Tukufunike, tukufunue, au tukufunge?"

Msichana alijibu kwa neno moja. Kisha walikunywa chai.

Nakumbuka mmoja aliyesema, "Mnifunge." Mama yake alikuwa ameshika kikombe, akakiweka chini bila kunywa. Jumapili yake, msichana yule alipopita mlangoni pa kanisa na kitambaa kichwani, mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe wengine hupanda kabla ya mvua!" Watu walicheka, si sana. Bibi harusi alikuwa akiangalia viatu vyake. Niliona kwamba kitambaa kilikuwa kimepigwa pasi vizuri sana.

Nyanya yangu, mama yake baba, hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa bado amevaa ebitinge, vikuku vya chuma vya miguuni ambavyo zamani mwanamke wa kwetu alivishwa alipoolewa, na akavivaa mpaka kufa. Ulimsikia kabla hujamwona. Alipofika siku za pasi, alisimama mlangoni akatazama.

"Kile kitu mmekifua tena?" aliuliza.

"Ndiyo, magokoro," nilimjibu, maana ndivyo tunavyowaita nyanya zetu.

"Wavu kama huo watu wa ziwani wanavulia omena. Sijasikia wakiuozeshea mtu."

Nyanya aliendelea, akisema na mimi lakini akimlenga yeye. "Walipowakata wake wenzangu hivi vyuma kwa tupa, walisema ni majivuno. Pambo halimpendezi Mungu. Kisha wakawaletea wavu. Mimi vyuma vyangu vinasema neno moja tu: huyu ni mke wa mtu. Huo wenu una maneno matatu, na mawili ni ya kumsema mwenzako."

"Magokoro, kaa unywe chai," mama alisema.

"Nitakaa. Miguu yangu ni mizito."

Dada yangu alikuwa mkubwa wangu kwa miaka tisa. Alikuwa mwalimu katika shule ya msingi upande wa Ikonge, na alikaa huko kwenye nyumba za walimu, akija nyumbani shule zikifungwa. Mwaka wa nne baada ya Uhuru alichumbiwa na karani wa kiwanda cha kahawa, mtu wa Suneka. Ng'ombe walikuja, wazee walikubaliana, na harusi ikapangwa Jumapili ya pili ya Desemba. Jumapili inayofuata ilikuwa harusi ya binti wa jirani yetu, yule mwenzake mama wa Jumatano.

Binti huyo alikuwa rika la dada yangu. Mchumba wake alikuwa tayari kuondoka naye tangu miaka miwili iliyopita, bila kanisa, kama wengi walivyofanya. Binti alikataa. Alimwambia wazi kwamba atatoka kwao akiwa amefunikwa, la sivyo hatatoka. Mchumba alingoja. Wasichana wengine walimtania kisimani: "Wewe unaolewa na mtu au unaolewa na shela?" Naye alijibu, "Na vyote viwili. Nyinyi mtapata kimoja." Alikuwa mcheshi. Nilimpenda.

Dada alifika nyumbani wiki mbili kabla ya harusi yake. Siku ya tatu alitoka nje asubuhi mara mbili, akaenda nyuma ya migomba. Mara ya pili mama alimfuata. Niliporudi na maji, walikuwa jikoni, mlango umerudishwa. Nilitua mtungi na kubaki pale nilipokuwa.

"Tangu lini?" mama aliuliza.

"Tangu mwezi wa kumi."

"Ni wa huyu wa Suneka?"

"Ni wake. Mama, ni wake. Nani mwingine?"

"Anajua?"

"Anajua. Anasema tunaoana, kwa hiyo si kitu."

"Si kitu kwake," mama alisema. "Ukifungwa kitambaa, baba yako ataondolewa kwenye uzee wa kanisa siku hiyohiyo. Mama yake huyo wa Suneka atakuwa na neno la kukutupia mpaka uzeeke. Na shuleni kwako watajua. Wana walimu wengine wa kuweka mahali pako."

"Najua."

"Basi ungejua mwezi wa kumi."

Dada hakulia. Nilitazamia alie, ndiyo maana naandika kwamba hakulia. Alisema, "Nifunike tu, mama. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua," mama alisema. "Mkono utakaofunika ni wangu."

Baada ya hapo hawakulizungumza tena. Maandalizi yaliendelea. Wanawake walikuja kupepeta wimbi, baba alikwenda mjini Kisii kununua sukari, na mama alifanya kila kitu kwa wakati wake. Sikuona tofauti yoyote kwake, isipokuwa kwamba alikuwa akila akiwa amesimama.

Jumatano ikafika. Jirani alikuja na yule mjane mzee, na dada akaketishwa mahali ambapo wasichana wote waliketishwa. Nilikuwa nyuma ya ukuta.

"Huyu naye tumuulize nini?" jirani alisema, akicheka. "Tumemwogesha sisi wenyewe akiwa kama panya. Tunywe chai."

"Sheria ni sheria," mjane alisema. "Tulimuuliza hata mtoto wa mchungaji."

"Haya, omong'ina, uliza." Alikuwa akimwita mama hivyo, mwanamke wa heshima, ingawa walikuwa rika moja. "Uliza upesi, nina ng'ombe wa kukama."

Mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Tukufunike, tukufunue, au tukufunge?"

"Mnifunike," dada alisema.

Nilisikia vikombe. Jirani alisema, "Utamfunika mwenyewe, au macho yatajaa machozi nikushikie?"

"Nitamfunika mwenyewe," mama alisema.

Alhamisi aliifua shela. Nilifukuza kuku. Ijumaa alasiri aliweka makaa katika pasi, akatandika blanketi mezani, nami nikashika pindo. Alilowesha kidole, akagusa, akasikiliza. Alijaribu juu ya kitambaa kibovu. Tulipiga pasi karibu nusu nzima, taratibu, kama siku zote. Nje kivuli cha kilima kilikuwa kimeanza kushuka juu ya mashamba ya chini.

"Niletee maji ya kulowesha," alisema. "Haya yamekwisha."

Maji hayakuwa yamekwisha. Bakuli lilikuwa na maji kiasi cha nusu. Hata hivyo niliweka pindo juu ya kiti, nikachukua bakuli na kwenda jikoni, na kwa kuwa mtungi ulikuwa karibu na mlango, sikukawia. Niliporudi nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amekiondoa kitambaa chenye unyevu. Aliishika pasi kwa mikono miwili, akaiweka juu ya lesi, sehemu ile ambayo hufunika uso, na akaondoa mikono yake. Mikono aliishusha kando ya mwili, akasimama. Pasi ilikaa. Harufu ilikuwa ya karatasi inayoungua. Moshi ulitoka pembeni, mwembamba, halafu mzito zaidi. Mama aliutazama. Sijui ulikuwa muda gani. Mimi nilikuwa na bakuli mkononi, na maji hayakumwagika.

Kisha aliinua pasi, akaisimamisha mahali pake kwenye kigae, akapuliza majivu. Akaniita kwa sauti, kana kwamba nilikuwa mbali.

"Njoo uone. Shela imeungua."

"Ndiyo, mama," nilisema.

Aligeuka na kuona kwamba nilikuwa mlangoni. Tulitazamana. Kisha akasema, "Sabato inaingia. Toa makaa."

Nilitoa makaa. Ndipo nilipoelewa kwa nini ilikuwa Ijumaa. Kesho yake hakuna mtu wetu ambaye angeingia dukani, na Jumapili maduka ya Wahindi mjini Kisii yalifungwa. Hapakuwa na saa hata moja iliyobaki ya kutafuta shela nyingine.

Jua lilipozama baba aliimbisha wimbo wa kufungua Sabato, nasi tuliimba. Mama aliimba. Baada ya maombi alimwambia baba. Baba akasema, "Tumshukuru Mungu nyumba haikuungua." Dada alimtazama mama. Mama alimsogezea mboga.

"Kula," alimwambia.

Kesho yake kanisani mama alisimama kabla ya mahubiri. Alisema, "Nimeunguza shela ya kanisa. Kosa ni langu, si la mtu mwingine. Niondoleeni kazi hii." Kila neno lilikuwa kweli. Wanawake waliguna kwa huruma. Kuunguza shela siku mbili kabla ya harusi ya mwanao mwenyewe, ni mkosi gani huo!

Nje, chini ya ukingo wa paa, watu walijadiliana. Kijana mmoja alisema ana baiskeli, anaweza kufika Kisii kabla ya saa nane.

"Siku ya Sabato ukamgongee Mhindi mlango akukatie lesi?" mzee mmoja alimwuliza.

"Nilisema naweza. Sikusema nitakwenda."

"Wakatoliki wa ng'ambo wana shela," mwanamke mmoja alisema.

"Uende kuazima kwao? Utarudi na rozari shingoni."

Walicheka, kisha wakakubaliana kwamba hakuna la kufanya. Binti wa jirani alikuwa amesimama pembeni ya mama yake. Hakucheka. Alikuwa mtu wa kwanza niliyemwona akielewa kwamba iliyoungua ilikuwa pia ya kwake.

Jumapili asubuhi mama alikitoa kitambaa cheupe sandukuni na kumfunga dada kichwani. Alikifunga kwa uangalifu. Aliingiza ncha ndani, akakaza, akazunguka kutazama nyuma. Dada alisema, "Asante, mama." Mama alisema, "Simama wima."

Tulipofika kanisani watu wa mlangoni waliangalia kichwa cha dada kama walivyozoea. Kisha macho yao yalihama, yakaenda kwa mama, na waliona huruma. Hakuna aliyesema neno kuhusu mvua. Wageni wa Suneka walielezwa mapema. Mama yake bwana harusi alimshika mama mkono na kusema, "Pole sana, omong'ina. Hata mimi niliwahi kuunguza koti la mzee." Dada alifika mbele, akaulizwa, akajibu, akaolewa. Baba alikaa kiti chake cha mbele. Yote ambayo yangepotea yalibaki mahali pake. Niliyatazama moja baada ya jingine, kuhakikisha.

Jumatatu jirani alikuja. Mama alikuwa akisafisha masufuria ya harusi.

"Nataka kuiona," jirani alisema.

Mama alikwenda chumbani akarudi nayo. Waliitandaza mezani palepale. Tundu lilikuwa na umbo kamili la pasi: ncha mbele, mapana nyuma, kingo za kahawia zilizonyooka. Jirani aliinama. Alipitisha kidole kuzunguka ukingo wote, polepole, bila kugusa ndani. Alikuwa amepiga nguo pasi ya makaa maisha yake yote, kama sisi sote.

"Pasi ikianguka huburuza," alisema. "Ikisahauliwa, mkono huivuta ukishtuka. Hii haikuanguka. Iliwekwa."

Mama alikuwa ameshika kitambaa cha kusugulia.

"Ungeniambia," jirani alisema.

"Ningekuambia nini? Wewe ulikuwa umekaa pale, na Biblia mezani."

"Ungeniambia. Mimi pia ni mzazi." Alianza kuikunja shela, akiifuata mikunjo yake ya zamani. "Sasa wangu nimpe nini? Amengoja miaka miwili."

"Nitanunua nyingine. Kesho nitakwenda Kisii mwenyewe."

"Ya dukani, ya nailoni? Mtu yeyote anaivaa. Inasema nini?"

Mama alikwenda hata hivyo. Alirudi na shela ya dukani, fupi, inayong'aa, imefungwa kwa karatasi. Binti wa jirani aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akairudisha. "Mimi nilingoja ile," alisema. Hakusema kwa hasira.

Jumapili aliolewa na kitambaa. Watu wa mlimani walijua habari ya pasi, kwa hiyo huku kwetu haikuleta neno. Lakini yeye alikuwa akiolewa mbali, ng'ambo ya Ikonge, kwa watu wa kanisa waliozijua sheria zetu na ambao hawakuwa na habari yoyote ya pasi. Mchumba alijaribu kueleza. Mwanamume akieleza kitambaa cha mkewe, kila mtu anajua anachofanya. Wanawake waliokuja kumpokea waliona kichwa chake, na wimbo wa kumkaribisha ukaimbwa na wachache. Niliyasikia haya sokoni, baadaye, kutoka kwa mtu aliyekuwapo. Mtoto wake wa kwanza alikuja mwaka wa tatu, na katika muda huo huko kwao walikuwa wameshasema kwamba mimba iliyomfungisha kitambaa ilitolewa, na kwamba kukosa mtoto ndiyo adhabu.

Mtoto wa dada yangu alizaliwa Julai. Suneka walisema amewahi. Huku kwetu hakuna aliyehesabu.

Jirani hakumwambia mtu. Naamini hivyo kwa sababu, kama angemwambia mmoja, ningesikia. Aliendelea kupita shambani petu akienda kisimani, akamsalimia mama, mama akajibu. Hakuja tena kunywa chai. Kanisa halikumteua mtunzaji mwingine, maana hakukuwa na cha kutunza. Maharusi wote sasa walifungwa kitambaa, mwenye mimba na asiye nayo, na wale waliosimama mlangoni walijifunza kuangalia viatu. Sanduku lilibaki chini ya kitanda. Kila Desemba mama aliitoa shela, akaifua kwa maji ya uvuguvugu, akaitia wanga, na Ijumaa akaipiga pasi kuzunguka tundu. Mimi nilishika pindo. Kupitia lile tundu niliona blanketi, na mara nyingine mkono wake ukipita.

Miaka ilipita. Tulipanda majani chai, na katika miaka ya sabini nilikuwa mwanamke mzima ninayechuma safu moja na mama. Siku moja nilimwuliza kama yule mke wa mmisionari aliwaeleza kwa nini kwao waligawanya wanawake hivyo, wa kufunikwa na wa kufungwa.

"Hakueleza," mama alisema. Alikuwa akichuma bila kutazama mikono, kama wachumaji wazuri wanavyochuma. "Alituonyesha kuifua na kuikunja. Basi."

"Na sheria zile tatu?"

"Nilizitoa mimi."

Nilisimama. Yeye aliendelea na safu, kwa hiyo nilimfuata.

"Nilikuwa msichana mdogo, nimeolewa karibuni," alisema. "Nimepewa kitu kizuri kuliko vyote vilivyokuwa mlimani. Wanawake wakaja kuniuliza, hiki ni cha nani na nani? Nikaona aibu kusema sijui. Nikasema ndivyo alivyoniambia."

"Kwa hiyo ungeweza kuzibadili."

"Kwa nani? Walikuwa wamezishika zaidi yangu." Alimwaga majani kikapuni kwangu. "Chuma. Mvua inakuja."

Mimi niliolewa mwaka uliofuata. Kufikia wakati huo maharusi wengine walikuwa wakikodi shela mjini, na mama aliniuliza kama nataka. Nilisema hapana. Asubuhi ya harusi hakuja chumbani kunifunga. Badala yake aliingia binti wa jirani, aliyekuwa amekuja kutoka ng'ambo ya Ikonge na watoto wake wawili. Alikuwa amenenepa kidogo, na bado alikuwa mcheshi.

"Mama yako ameniomba," alisema. "Amekuja mpaka kwetu, akaketi, akaniomba. Kaa hapa nikufunge."

Tuliketi kitandani kwa mama. Alikitandaza kitambaa magotini na kukilainisha kwa kiganja, ingawa hakikuwa na kunyanzi.

"Wewe ulikuwa ukimsaidia na ile shela," alisema. "Uliwahi kuishika?"

"Nilishika pindo."

"Mimi sikuigusa kamwe. Miaka miwili nikiiota, na sikuigusa." Aliinua kitambaa. "Ilikuwaje?"

Nilifikiri nimjibu sawasawa.

"Nyepesi," nilisema. "Ukiishika huoni kama umeshika kitu."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa akikisia hivyo. Sanduku lilikuwa chini yetu, kwenye mawe yake mawili. Kisigino changu kililigusa, na nilijua kwamba ningeinama tu, ningelivuta, naye angeigusa. Mikono yangu ilikuwa imelala magotini. Niliitazama, na haikusogea.

"Geuka," alisema.

Niligeuka. Alinifunga kitambaa, akakaza, akaingiza ncha ndani.

"Nimekubana?"

"Hapana," nilisema, na ilikuwa kweli. Sikusikia kitu.